Somo: Pima ugumu wa maji yako kwa sabuni ya mche

Ukifua ukaona sabuni inaisha haraka, povu halisimami na beseni linabaki na utando wa kijivu, usiilaumu sabuni kwanza. Huenda maji ni magumu: yamepita kwenye udongo na miamba yakabeba kalsiamu na magnesiamu. Maji huyeyusha vitu vingi kwa sababu molekuli yake imepinda. Upande wa oksijeni una chaji hasi kidogo, upande wa haidrojeni chanya kidogo, kwa hiyo huzivuta chembe za madini zenye chaji na kuzizunguka.

Hatua ya 1. Kinga maji ya mvua, ukiacha ya mwanzo yaoshe bati. Karibu hayana madini, hivyo ndiyo ya kulinganishia.

Hatua ya 2. Kwangua sabuni ya mche, kijiko cha chai, uyeyushe kwenye glasi ya maji hayo yakiwa moto. Sabuni ya unga haifai kabisa: imetengenezwa itoe povu hata kwenye maji magumu.

Hatua ya 3. Chukua chupa tatu zinazofanana. Kwa bomba la sindano (bila sindano yenyewe) pima mililita 50 za mvua, za ziwa, za kisima.

Hatua ya 4. Hapa usiwe na haraka. Ongeza nusu mililita ya sabuni, funga, tikisa, tazama. Maji magumu hayatoi povu mwanzoni. Yanakuwa na ukungu mweupe, kisha vipande vidogo kama maziwa yaliyokatika vinaelea juu. Hiyo ni sabuni iliyonaswa na madini. Endelea mpaka povu lisimame dakika nzima, uandike jumla ya sabuni kwa kila chupa: iliyokula sabuni nyingi zaidi ndiyo yenye maji magumu zaidi.

Hatua ya 5. Chemsha maji ya kisima dakika kumi, yapoe, yachuje, upime tena. Sabuni ikitumika pungufu kuliko mwanzo, ulikuwepo ugumu wa muda: bikaboneti (chumvi ya madini hayo inayoyeyuka majini) imegeuka kaboneti (isiyoyeyuka) na kutuama, ule ukoko mweupe wa birika. Kilichobaki ni ugumu wa kudumu.

MASWALI

Mama wa Ujiji: Mwalimu, maji ya ziwa nikiyachemsha hayabadiliki sana. Kwa nini?
Jibu: Mama, Ziwa Tanganyika lina magnesiamu nyingi kuliko kalsiamu, nayo haitoki kirahisi kwa kuchemsha.

Mwanafunzi, Gungu: Kipimajoto chetu kilisoma nyuzi 97 maji yakitokota. Kibovu?
Jibu: Hapana, kijana wangu. Hapa Kigoma tuko mita 770 hivi juu ya bahari, hewa inagandamiza pungufu kuliko pwani, hivyo maji hutokota kabla ya nyuzi 100. Tabora, mita 1,200 hivi, ni kama 96.

Baba wa Kasulu: Maji magumu yanadhuru?
Jibu: Madini hayo mwili unayahitaji. Ila kipimo hiki hakionyeshi vijidudu. Maji laini, meupe pee, yanaweza kubeba kipindupindu. Ya kunywa chemsha au tia dawa.

Msomaji wa Uvinza: Na maji yetu ya chumvi?
Jibu: Usiyapime kwa njia hii. Chumvi ikiwa nyingi huitoa sabuni majini yenyewe, hata kalsiamu isiwepo.