Namna ya Kuongoza Mjadala wa Mwisho wa "Shujaa Okonkwo"

Anayesema Okonkwo, mhusika mkuu wa "Shujaa Okonkwo", tafsiri ya riwaya ya Chinua Achebe "Things Fall Apart", alikufa mwoga na anayesema alikufa shujaa mara nyingi hawabishanii mwisho mmoja, kwa kuwa kila mmoja amekifunga kitabu mahali pake. Nililitambua hilo katika kikundi chetu cha usomaji hapa Lindi, na tangu hapo siufungui mjadala kwa kuuliza nani ana haki.

Someni kwanza sura ya 25 yote kwa sauti, maana ni fupi. Kabla hamjaanza, waeleze wenzako kwamba inahusu mtu aliyejiua, kwani huwezi kujua nani kafiwa kwa namna hiyo. Kisha kila mmoja, hata kama nakala ni moja inayozungushwa barazani, aweke kidole kwenye sentensi ambayo kwake ndiyo mwisho, bila kutoa hoja. Baadhi watabaki kwenye mti ambao Okonkwo alijinyonga, na hao ndio wepesi wa kulaumu. Wengine watashika kauli ya Obierika, anayemshutumu mkuu wa wilaya wa kikoloni kwa kumfikisha rafiki yake Okonkwo hapo, ilhali watu wa Umuofia, kwao Okonkwo, wenyewe hawaruhusiwi kumzika, kwa sababu kujiua ni mwiko unaoinajisi ardhi. Wachache watafika mstari wa mwisho, ambapo mkuu huyo, ambaye wazee wetu wangemwita Bwana Shauri, anawaza kitabu anachotaka kuandika na kuona kwamba habari za Okonkwo zitatosha aya moja.

Kaeni kwenye aya hiyo kwa muda mrefu. Chinua Achebe, aliyeitoa riwaya hii mwaka 1958, amempa Okonkwo kitabu kizima, kisha anamwacha mgeni ampunguze mbele ya macho yetu. Kwetu, ambako wapiganaji wa Majimaji walilivamia boma la Liwale mwaka 1905, swali la nani aliyewaandika marehemu halibaki Nigeria. Mzee mmoja alituambia, "Babu zetu nao walipewa aya, tena na aliyewapiga risasi."

Hata hivyo, usiruhusu kauli nzito kama hiyo iwanyamazishe wengine. Dada mmoja alijibu, "Samahani, babu, lakini kidole changu kiko nyuma zaidi, pale Ikemefuna, kijana aliyelelewa nyumbani kwa Okonkwo, anapomkimbilia Okonkwo akimwita baba, naye Okonkwo akamkata kwa panga." Rudini huko msome, kwa sababu huruma ya msomaji huyo ilikwisha katika sura ya 7.

Kabla ya kutawanyika, waombe waweke vidole tena. Siku ile vingi vilisogea. Cha dada yule hakikusogea.