Kuandaa huduma ya magari ya wagonjwa kabla janga la mafua halijafika

Janga la mafua likipiga, magari hayapungui; wanaopungua ni watu wa kuyaendesha na kuhudumu ndani yake. Mpango wa Marekani wa mwaka 2006 ulikadiria kuwa kwenye kilele hadi 40% ya wafanyakazi wangekosa kazini, wengine wakiumwa, wengine wakiuguza nyumbani. Kwa hiyo anza na ratiba ya zamu. Ichukue ya mwezi huu, futa majina manne katika kila kumi, uone ni gari lipi linabaki limeegeshwa. Hapo ndipo utajua unahitaji madereva na wauguzi wangapi wa akiba. Wafundishwe sasa. Usitegemee chanjo ya kirusi kipya kwa wimbi la kwanza, maana hutoka miezi kadhaa baada ya ugonjwa kuanza.

Anayepokea simu aulize mambo machache: homa na kikohozi vimeanza lini, mgonjwa anaweza kumaliza sentensi bila kutweta, midomo imebadilika rangi, amechanganyikiwa? Kwa mtoto: mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi, amekataa kunyonya, amepata degedege? Jibu la hatari hata moja, gari litoke. Asiye na dalili hizo apewe ushauri wa kukaa nyumbani, na namba ya kupiga tena akibadilika. Kwetu homa inaweza pia kuwa malaria, basi asiambiwe "ni mafua tu" bila kupimwa. Tena simu za uzazi zisizamishwe na za mafua: Tanzania, m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga, kupitia namba ya simu 115 hutumia pia madereva wa kijamii, na hao nao wapewe barakoa kama wa ambulensi.

Ndani ya gari, mgonjwa avae barakoa ya upasuaji kama anaweza kuivumilia. Muuguzi avae N95, barakoa inayochuja hewa na kubana uso, wakati wa kunyonya makohozi, kutumia nebulaiza (mashine ya mvuke wa dawa) au kumpumulisha mgonjwa kwa mfuko. Kati ya mfuko huo na barakoa yake inayokaa usoni mwa mgonjwa weka kichujio cha virusi. Ndevu huharibu mkazo wa N95 hata iwe mpya kabisa. Funga dirisha la kati ya dereva na mgonjwa, feni ya kabini ivute hewa ya nje, na feni ya nyuma itoe nje. Gari lisilo na kizuizi, dereva naye avae N95 na madirisha yafunguliwe.

Oksijeni ndiyo huwaumbua wengi. Zidisha ujazo wa mtungi (lita) kwa mgandamizo wake (bar): mtungi wa lita 10 wenye bar 120 una lita 1,200. Kwa lita 10 kwa dakika ni dakika 120, lakini theluthi moja iwe akiba, kwa hiyo hesabu 80. Safari ya dakika 60 itaonekana salama, mpaka ukute foleni mlangoni mwa hospitali na mgonjwa akabaki ndani ya gari nusu saa. Jumlisha muda huo tangu mwanzo. Usipake mafuta wala grisi kwenye regyuleta, yaani kidhibiti cha mgandamizo wa mtungi, inaweza kuwaka.

Kipimo cha oksijeni cha kidoleni hudanganywa na piko, rangi ya kucha na mikono ya baridi. Kama kidole kina piko, tafuta kisicho nayo au tumia ndewe ya sikio, ikiwa kipimo chako kinaruhusu. Kwa mtu mzima, chini ya 90% au pumzi 30 na zaidi kwa dakika ni hali mbaya.

Baada ya kila mgonjwa, osha kwanza kwa sabuni na maji, kwa kuwa uchafu hula nguvu ya klorini. Kisha pangusa kwa klorini 0.5%: kutoka kwenye Jik ya 3.5%, sehemu moja kwa sita za maji. Kutoka kwenye unga wa klorini wa 70%, gramu 7 kwa lita. Iache dakika 10, halafu suuza vyuma vya machela, la sivyo vitaliwa na kutu. Mchanganyiko utengenezwe upya kila siku na usichanganywe na asidi wala sabuni yenye amonia.

Kuvua mavazi ya kinga: glovu na gauni, nawa mikono, miwani, halafu barakoa mwisho, ukishatoka nje ya gari. Nawa tena.