Somo: Kushona Blanketi la Viraka kwa Nguo za Marehemu

Wakaaji wa Goma tunajua namna kilio kinavyokwenda: kwa siku kadhaa nyumba hujaa watu na chai huchemshwa katika sufuria kubwa, kisha turubai huondolewa, na aliyefiwa hubaki na kabati ambalo hakuna anayethubutu kulifungua. Somo hili linahusu kabati hilo.

Hatua ya kwanza ni idhini. Nilipofiwa na mama nililifungua kabla wiki haijaisha, nikakata kikwembe, yaani kitenge chake, ambacho mama mdogo alikuwa amekitazamia kiwe ukumbusho wake, na ilinichukua miezi mingi kupatana naye. Subirini matanga yaishe, mketi pamoja, kila mmoja achague chake. Kinachobaki ndicho cha kazi. Nguo moja msiifue wala kuikata. Ifungeni katika mfuko, kwa maana harufu ya mtu huondoka na maji ya kwanza.

Hatua ya pili ni maandalizi. Chagua nguo nne au tano za pamba zenye uzito unaokaribiana, ukiacha zinazovutika, kwa kuwa hizo hupotosha pembe. Sugua kila moja kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Ikiacha rangi, ifue peke yake mpaka maji yatoke safi. Zipige pasi zote. Umeme ukikatika, pasi ya makaa inatosha, ila ikung'ute majivu kwanza.

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo nzito, ni kukata. Tengeneza kipimo cha katoni cha mraba, sentimita 17 kila upande: 15 za kuonekana, na 1 kila ukingo kwa ajili ya mshono. Viraka 80, vikipangwa 8 kwa upana na 10 kwa urefu, vitatoa blanketi la sentimita 120 kwa 150. Usikate zaidi ya viraka 10 kwa siku, wala usikate usiku ukiwa peke yako. Kaa na mtu aliyemfahamu marehemu, na kabla mkasi haujaingia, mweleze nguo hiyo ilivaliwa wapi: hiki kikwembe ni cha harusi ya binamu, kile ni cha sherehe ya tarehe 8 Machi, na hili doa ni la mawese ambalo halikutoka hata kwa sabuni gani. Katika kikundi chetu cha kushona nimeona watu waliokaa kimya tangu maziko wakianza kusema mbele ya doa kama hilo.

Kilichobaki ni kazi ya sindano tu. Unganisha viraka mstari kwa mstari, laza mishono ya mstari mmoja kulia na ya unaofuata kushoto ili pembe zikutane vizuri, tandika shuka kuukuu chini yake, funga fundo la uzi maradufu kila pembe nne zinapokutana, kisha pinda kingo.

Maswali ya wanachama

Nyumba yetu ya Buhene iliungua kwa lava ya Nyiragongo tarehe 22 Mei 2021, na hakuna nguo ya baba iliyobaki. Nifanyeje?

Pole sana, ndugu. Uliza kwanza kwa jamaa na majirani, kwani shati alilompa mtu zamani huenda bado lipo. Ukikosa, nunua soko la Virunga kitambaa cha rangi aliyoipenda, na katikati uweke kiraka cheupe chenye jina lake lililotariziwa.

Je, mashine inaruhusiwa?

Kwa kuunganisha, ndiyo. Mimi hupenda mkono kwa sababu ya mwendo wake wa polepole.

Imetimia miezi minne tangu nimpoteze mtoto wangu. Nikishika shati lake mikono inatetemeka, na usiku silali.

Weka mkasi chini, mama. Shati halina haraka. Kukosa usingizi kwa muda mrefu hivyo kunahitaji umweleze muuguzi wa kituo cha afya kilicho karibu, au mshauri wa kisaikolojia, na usingoje. Kwetu njoo bila shati. Utatusaidia kutunga uzi kwenye sindano, maana macho ya wengi wetu yamechoka.