Ncha Uliyoikata Isiingie Ardhini: Mchwa wa Nairobi na Nguzo Zilizotiwa Dawa

Malalamiko ni yale yale kuanzia Dagoretti hadi Ruai: "Nilinunua nguzo zilizotiwa dawa kwa bei ghali, mbona mchwa wamezimaliza?" Mkulima huwa amekwisha kuamini kwamba aliuziwa feki, na kweli feki zipo. Lakini nguzo nyingi ninazooneshwa zilitoka kiwandani zikiwa sawasawa, zikaharibiwa siku ya kujenga. Fundi alichukua msumeno, akakata kipande cha chini, kisha akaitumbukiza shimoni ile ncha aliyoikata.

Kata nguzo ya mkaratusi iliyotiwa dawa uangalie uso wa mkato. Pembeni kuna pete yenye ukijani. Hapo ndipo dawa ya shaba, kromu na aseniki ilipoingia, na kwa kawaida ni sentimita chache tu kutoka kwenye ganda. Katikati mbao ina rangi yake ya kawaida, kwa sababu huo ni moyo wa mti, na moyo wa mkaratusi haunywi dawa vizuri hata ikisukumwa kwa mtambo wa shinikizo. Ukikata, umeufungua moyo huo. Ukiufukia, umewaandalia mchwa chakula huko huko wanakopita.

Wakiingia kwa chini huwaoni. Mchwa wa udongoni hukimbia mwanga, kwa hiyo hupanda wakila moyo na kuacha lile ganda la kijani lisimame likiwa zima. Nguzo itaonekana mpya hadi siku ng'ombe atakapoiegemea. Igonge kwa nyundo: ikitoa mlio wa debe tupu, moyo umekwisha.

Makosa haya hufanyika kwa njia tatu, na zote nimezikataza mara nyingi.

Kwanza, fundi akikuta mwamba kwenye kina cha sentimita 40, hukata nguzo chini ili ilingane na zenzake. Hapana! Mwamba uvunjwe kwa mtaimbo, au shimo lisogezwe. Pili, fundi huchonga ncha kama ya mkuki ili aipigilie kwa nyundo kubwa. Hapo ameondoa pete yote ya dawa pande zote, na hakuna njia mbaya kuliko hiyo. Tatu ni kubana matumizi: mkulima ananunua nguzo ya mita 3 na kuigawa. Ukigawa vipande viwili, kila kipande kinabaki na ncha moja ya kiwandani, na hiyo ndiyo iende chini. Ukigawa vipande vitatu, kipande cha kati kina ncha mbili zilizokatwa. Hicho hakiingii ardhini kamwe. Kifanye boriti ya juu au mlalo wa uzio.

Utaratibu sahihi ni huu. Agiza urefu kamili unaohitaji kabla fundi hajafika. Robo ya nguzo ikae ardhini: nguzo ya mita 2.4 ifukiwe sentimita 60, ya mita 3 ifukiwe sentimita 75. Ya lango iende sentimita 90, maana inabeba uzito. Shimo lizidi kina hicho kwa sentimita 10, na hizo 10 zijazwe kokoto ili maji yasituame chini ya ncha, hasa kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi wa upande wa Embakasi na Ruai. Pima kwa futi ya chuma. Kipimo cha hatua na kiganja ndicho kinachowapa watu nguzo zilizofukiwa sentimita 45 tu, kisha wanalaumu upepo.

Simamisha nguzo zote, shindilia udongo, hakikisha kwa timazi kwamba ziko wima. Baada ya hapo ndipo uzi uvutwe kutoka ya kwanza hadi ya mwisho na vichwa vikatwe. Kusawazisha hufanyika juu, si chini. Kata kwa mshazari ili mvua iteremke, kisha paka dawa ya mbao ya kupaka kwa brashi siku hiyo hiyo, mbao ikiwa kavu: uso wote wa mkato pamoja na sentimita 15 za pembeni, mara tatu, kila mpako ukiachwa unyweke kama lebo inavyoelekeza. Ukiwa na kipande cha mabati, funika kichwa. Matundu ya bolti nayo yapakwe kabla bolti haijaingia.

Oili chafu ya gari si dawa. Hubaki juu juu, huchujuka, na huchafua udongo unaolima sukuma wiki. Dawa za boroni ni nzuri kwa mbao za ndani ya nyumba, ila ardhini maji huziosha.

Wapo wanaosema, "Mimi namwaga zege, sijali ncha." Mbao husinyaa ikikauka, na ufa kati ya mbao na zege unatosha mchwa kupita. Zege iliyofunga chini kama kikombe hushika maji vilevile. Ukitaka zege, acha chini wazi juu ya kokoto, na uso wake wa juu uteremke kutoka kwenye nguzo. Bora zaidi, kama mfuko unaruhusu, ni mguu wa chuma juu ya kizingiti cha zege kilichoinuka sentimita 15 kutoka ardhini, mbao isiguse udongo kabisa.

Dawa ya kumwagia udongo inunuliwe yenye lebo na nambari ya usajili ya PCPB, bodi ya Kenya inayodhibiti dawa za wadudu, ichanganywe kwa kipimo cha lebo, isikaribie kisima. Dieldrini na aldrini, dawa za zamani za mchwa, zimepigwa marufuku na Mkataba wa Stockholm wa 2001, kwa hiyo unga wa kupimiwa kwenye mfuko wa nailoni bila jina usiuguse.

Kazi imalizike kabla ya katikati ya Machi, au mwishoni mwa Septemba kabla ya mvua za vuli. Usirundike mbolea wala matandiko ya kuku kwenye nguzo, yanawajengea mchwa daraja.

Kama umekwisha kufukia ncha zilizokatwa, chimbua sentimita 30 kuzunguka kila nguzo, uigonge kwa nyundo na uichome kwa bisibisi. Ikilia kama debe tupu, au bisibisi ikizama kirahisi, ibadilishe sasa, usingoje mvua. Ikiwa ngumu, tibu udongo na urudie kuigonga na kuichoma kila baada ya miezi 3. Nguzo ikibaki ngumu kwa nje na bila vijia vya udongo, bado usiseme iko salama: mchwa wanaweza kuwa wanakula moyo ndani ya ganda.

Na vile vipande vilivyobaki visiingie jikoni. Vina aseniki, moshi na majivu yake ni sumu. Vumbi lake la msumeno lifagiliwe lote, lisichanganywe na maranda ya kuku, na mbao hizo zisitengenezwe hori la kulishia ng'ombe wa maziwa.