Mama kijacho, kabla hujalipia lile boksi la vifaa vya kunyonyeshea soma hapa kwanza

Wadada wengi wanaokaribia kujifungua wananiuliza wanunue nini cha kunyonyeshea, na mara nyingi wakiuliza wameshaziona zile seti mtandaoni, pampu ya umeme, chupa sita, mto wa nusu duara, krimu, joho la kujifunikia, vyote ndani ya boksi moja la pinki. Mimi kwa mtoto wa kwanza nilinunua boksi la hivyo nikiwa na mimba ya miezi saba, akiba karibu yote ikaishia hapo, alafu siku maziwa yamejaa kifua kigumu kama jiwe ile pampu ikaniumiza mpaka nikalia. Kwa hiyo nakuomba sana, nunua kwa awamu. Kabla hujajifungua hujui titi lako litakuaje wala mtoto atanyonyaje.

Kabla ya leba tafuta vichache tu. Sidiria mbili au tatu za kunyonyeshea zisizo na waya, zinazofunguka kwa juu, na uzinunue wiki za mwisho mwisho sio mimba ikiwa changa, zisikubane, maana siku ya tatu ya nne maziwa yakishuka kifua kinaongezeka tena. Pedi za maziwa za kutupa zipo ila za kitambaa ukishona mwenyewe zinatosha kabisa, chukua kanga kuukuu ya pamba iliyolainika, kata miduara ya kukaa vizuri kwenye sidiria, shona tabaka nne tano, zifike kama kumi hivi ili zingine zikiwa kwenye kamba zingine umevaa. Ikilowa tu badilisha, ukikaa na unyevu kwenye chuchu unakaribisha fangasi na vidonda. Ongeza doti mbili za kanga za kujifunikia, kijiko na kikombe kidogo cha kawaida kisicho na ncha kali, basi. Mto wa kitandani unatosha, ukunje uweke chini ya mkono.

Kuhusu chuchu kupasuka, watu wanakimbilia krimu, na krimu ya lanolini kweli inasaidia kupoza, ila kama mtoto ameshika vibaya utapaka kopo zima na kidonda kipo palepale. Angalia hivi: mdomo ufunguke kama anapiga miayo, kidevu kiguse titi, mdomo wa chini uwe umepinduka kwa nje, na ile sehemu nyeusi inayozunguka chuchu ionekane zaidi juu kuliko chini. Ukisikia anang'ata ng'ata usimvute, pitisha kidole kidogo kisafi pembeni ya mdomo wake aachie, kisha anza upya. Ukimaliza paka matone ya maziwa yako mwenyewe uache pakauke. Ikigoma muone nesi wa kliniki siku hiyohiyo, usisubiri, na ukipata homa huku titi limekuwa jekundu linauma nenda hospitali, na wakati huo mtoto aendelee kunyonya, maziwa yakikaa ndani ndo hali inazidi.

Sasa pampu. Kama utashinda nyumbani na mtoto miezi yote sita unaweza usiihitaji kabisa, mkono unakamua vizuri tu. Nawa, kanda titi taratibu, weka dole gumba juu na vidole viwili chini, nyuma kidogo ya ile sehemu nyeusi, sukuma kuelekea kifuani, minya, achia, usitelezeshe vidole kwenye ngozi. Yale maziwa ya mwanzo ya njano ni machache na mazito, yanabaki kwenye pampu, ila kwa mkono unakinga kwenye kijiko unampa mtoto mpaka tone la mwisho.

Kama unarudi kazini ndo utoe hela, na cha kwanza kuuliza sio rangi wala ofa, ni saizi ya ile koni inayokaa kwenye titi. Pampu nyingi zinakuja na milimita 24 na wanawake wengi sio saizi yao. Kilichonitesha mimi kilikuwa hicho, koni ilikuwa kubwa, kila ikivuta inameza na sehemu nyeusi, inauma na maziwa hayajazi hata kifuniko. Jirani yangu nesi akaja na rula ya shule ya mwanae akanipima upana wa chuchu, nikabadilisha koni tu pampu ileile, maumivu yakaisha. Kwa hiyo pima ukishajifungua. Uliza pia vile vipira vidogo vya kuvutia vinauzwa hapa hapa, maana vinachoka, na kama pampu ina betri, umeme wenyewe unaujua. Pampu ya mtumba niache nikukataze, nyingi maziwa ya mwenzio yanaweza kuwa yameingia mpaka kwenye mota na huko hupafiki kuosha.

Kuhifadhi sasa. Maziwa uliyokamua nje kwenye nyuzi joto 25 yanakaa masaa manne, na joto la Dar linavuka hapo kwahiyo usiyafikishe. Kwenye friji siku nne, weka nyuma kabisa sio mlangoni. Kwenye friza ya kweli miezi sita. Ofisini kama friji hakuna, deli dogo au begi la baridi lenye barafu zilizoganda vizuri linayatunza mpaka masaa 24. Gandisha kidogo kidogo, mililita 60 mpaka 120, andika tarehe. Yakishayeyuka ndani ya friji yaache humohumo uyatumie ndani ya masaa 24, usigandishe tena, na usiyachemshe wala kuweka maikrowevu, simamisha chombo kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu.

Na kwa walioajiriwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa likizo ya siku 84, mapacha siku 100, na ukirudi una haki ya mpaka masaa mawili kwa siku ya kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Ongea na bosi kabla likizo haijaisha, omba chumba chenye komeo, sio chooni.

Wiki moja kabla ya kurudi mfundishe dada au bibi kumlisha mtoto kwa kikombe, amkalishe wima, aguse mdomo wa chini kwa ukingo wa kikombe, asimmiminie, mtoto atalamba mwenyewe. Wewe toka chumbani kabisa, maana akisikia harufu yako kikombe hatakitaka.