SOMO: Jaribu breketi ya AC kwenye kompyuta kabla hujawasha mashine ya kuchomelea

Wakuu, leo tunachukua kitu kimoja kidogo na kukifikisha mwisho. Flatibaa ya milimita 50 kwa 10, imesimama kwa upana wake (50 ndicho kimo, 10 ndio unene), imetoka ukutani milimita 500, na nchani inabeba nyutoni 500, yaani kama kilo 50. Programu ni FreeCAD, ya bure.

1. Shika kalkuleta kwanza. Ndiyo, kabla ya kufungua programu. Nguvu mara urefu: 500 × 500 = 250,000. Unene × kimo³ ÷ 12 = 104,167. Mkazo pale ukutani: 250,000 × 25 (nusu ya kimo) ÷ 104,167 = MPa 60, yaani nyutoni 60 kwa kila milimita ya mraba. Ncha itashuka kama mm 0.95. Ziandike pembeni. Asiye na namba hizi ataamini rangi yoyote atakayoonyeshwa.

2. Chora, ingia FEM (sehemu ya FreeCAD ya kupima nguvu), chagua chuma. Ugumu MPa 210,000, uwiano wa Poisson (jinsi chuma kinavyosinyaa pembeni kikivutwa) 0.3.

3. Funga. Kazi nyingi huharibikia hapa. Ukifunga uso wote wa nyuma, umeiambia kompyuta kwamba ukuta haulegei hata kidogo. Breketi halisi ina bolti kwenye tofali, kwa hiyo huko utafunga matundu ya bolti tu. Leo funga uso wote, maana ndivyo kalkuleta yetu ilivyodhani.

4. Weka nguvu nchani. Angalia mshale unatazama chini.

5. Meshi. Umbo linakatwa vipande vidogo vyenye nyuso nne za pembetatu. Anza na mm 10, kisha 5, kisha 2.5. Mshuko wa ncha ukiacha kubadilika, umefika. Chagua vipande vya daraja la pili, ambavyo kingo zake zinaweza kupinda. Vya daraja la kwanza hufanya chuma kionekane kigumu kuliko kilivyo. Msidharau hatua hii. Mwaka 1991 msingi wa zege wa jukwaa la mafuta Sleipner A ulizama Norway: meshi mbaya ilikuwa imeonyesha mkazo wa kukata pungufu kwa asilimia 47, kuta zikajengwa nyembamba.

6. Endesha CalculiX, kikokotozi kinachotumiwa na FreeCAD, soma matokeo. Chuma laini huanza kupinda bila kurudi kwenye MPa 235 hivi. Sisi tuko 60.

MASWALI

Mkuu, kila nikipunguza meshi, mkazo kwenye kona ya ukutani unapanda tu. Niongeze unene?
Usiongeze. Kona kali iliyofungwa haina kikomo kihesabu, utapunguza meshi hadi kesho. Soma mkazo umbali mdogo kutoka ukutani, au chora mviringo wa weldi kama utakavyokuwa.

Jua la mchana je?
Chuma hurefuka 0.000012 ya urefu wake kwa kila nyuzi. Kikipanda nyuzi 40, mm 500 zinaongezeka 0.24, na kwa kuwa ncha iko huru, hakuna neno. Ila kipande kilichobanwa ncha zote mbili kinapata 210,000 × 0.000012 × 40, karibu MPa 100. Jua limeushinda mzigo! Hapo chagua uchambuzi wa joto na nguvu kwa pamoja, weka joto la kuanzia na la mwisho.

Laptop ya RAM GB 4 itaweza?
Kwa hii, bila shida. Ikilemewa, ikate flatibaa katikati kwa urefu ili unene ubaki mm 5, weka nusu ya mzigo, na uzuie uso uliokatwa usiende pembeni.

Na mtetemo wa kompresa?
Somo hili halifiki huko, ndugu. Mzigo wetu umetulia; weldi huchoka kwa kutikiswa hata mkazo ukiwa mdogo. Hilo lina hesabu yake.