Laptopu ya chuo: kabla hujatoa hela, nisikilize mimi mwenye steshenari

Mwaka juzi, Oktoba, wiki ile mwaka wa kwanza wanaripoti, aliingia kijana dukani kwangu begi likiwa bado mgongoni. Nina steshenari Changanyikeni, jirani na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na huu ni mwaka wa tisa naprinti kazi za wanafunzi. "Shikamoo dada. Eti Kariakoo duka gani wanauza laptopu nzuri?" Baba yake, mkulima wa Singida, alikuwa ameuza alizeti akampa 550,000 taslimu, na hakuna nyingine mpaka bumu, hela ya mkopo wa kujikimu, litoke. Chumba alikuwa hajapata. Nikamuuliza anasoma nini, akasema ualimu, Kiswahili na Historia. Nikamwambia, mdogo wangu, kalipie chumba kwanza.

Nimeandika haya kwa ajili ya wenzake wanaokuja mwaka huu, na kwa wazazi wanaopigiwa simu kuambiwa "bila laptopu sisomi".

Anza na hesabu. Bodi ya Mikopo inatoa 10,000 kwa siku, za chakula na malazi, kwa hiyo bumu la siku sitini ni 600,000. Laptopu iliyotumika yenye hali nzuri, wateja wangu wengi huinunua kati ya 450,000 na 650,000. Ukiinunua kwa bumu umeshamaliza karibu miezi miwili kabla hujala hata sahani moja ya wali maharage. Nimewaona wanaokuja kukopa karatasi za kuprinti wakiwa na laptopu begani, wamekonda. Inaniuma kila mara.

Sasa kozi. Anayesoma sayansi ya kompyuta au uhandisi wa programu anunue mapema, hakuna mjadala, maana huwezi kujifunza kuandika programu kwa kuazima mashine ya mwenzako saa moja jioni. Wa takwimu na uchumi watafika kwenye programu za takwimu, SPSS au Stata, lakini mara nyingi si muhula wa kwanza. Mdogo wangu wa kuzaliwa alisoma usanifu majengo: karibu mwaka mzima wa kwanza alichora kwa mkono, penseli na rula, na ile laptopu nyepesi aliyonunua kwa haraka ilishindwa kufungua ArchiCAD, programu ya kuchorea majengo, alipoihitaji mwaka wa pili. Akanunua nyingine. Hela mara mbili. Sheria, sosholojia, ualimu, lugha: mwaka wa kwanza simu inatosha, ukijua kuitumia.

Kama huna uhakika, subiri wiki nne za mwanzo. Waulize wa mwaka wa pili wa kozi yako hiyohiyo, siyo ya jirani chumbani: mwaka jana mliambiwa mtumie programu gani, na maabara ya kompyuta ya chuo inafunguliwa saa ngapi? Swali hilo la pili watu hulisahau. Maabara zipo, na maktaba ipo. Maktaba mpya ya Mlimani, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyofunguliwa Novemba 2018, inaingiza watu 2,100 kwa wakati mmoja. Kaa humo.

Kuhusu simu nitakaa kidogo, maana hapa ndipo wengi wanapokwama. Usiku mmoja saa nne, nafunga, akaja binti wa mwaka wa kwanza na asaimenti ya kurasa nane aliyoiandika yote ndani ya WhatsApp, akajitumia mwenyewe vipande kumi na saba. Kazi ilikuwa nzuri, binti ana akili. Lakini tulikaa mpaka saa sita tukiunganisha vipande, tukitafuta aya ya tatu imepotelea wapi, na mwisho wa kuwasilisha ulikuwa asubuhi saa mbili. Ningemwona wiki moja kabla, ningemwambia hivi.

Weka Google Docs kwenye simu. Fungua faili jipya, lipe jina lenye namba yako ya usajili na kifupi cha somo, kisha liwashie ruhusa ya kufanya kazi bila intaneti ili bando likiisha uendelee kuandika. Vichwa vya habari usivikuze kwa kubonyeza herufi nzito. Chagua mtindo wa kichwa, "Heading 1" kwa sura na "Heading 2" kwa sehemu ndogo. Ukifanya hivyo, yaliyomo yanajipanga yenyewe siku ya mwisho kwenye kompyuta yoyote. Asiyefanya hivyo ndiye anayekaa kwenye benchi langu akihesabu nukta kwa kidole mpaka namba ya ukurasa ikae kulia, na akiongeza sentensi moja zote zinahama.

Ukiweza, nunua kibodi ndogo ya Bluetooth. Dukani kwa jirani yangu zinaanzia 30,000. Kurasa kumi kwa kidole gumba zitakuumiza mkono, kwa kibodi ni kazi ya jioni moja. Kazi ikiisha ihifadhi kama PDF ndiyo uilete kuprinti, maana faili la Word likifunguliwa kwenye mashine yangu isiyo na aina yako ya maandishi, majedwali yanahama. Nitumie kwa barua pepe. Flashi inayozunguka steshenari nne kwa siku inabeba virusi, unaifungua mafaili yote yamegeuka njia za mkato (shortcut) zisizofunguka. Na picha ya skrini siyo faili, jamani.

Mwaka wa tatu, ukifika kwenye ripoti ya utafiti, hapo nakubali: ukiweza kuwa na yako, uwe nayo. Kurasa sitini zenye marekebisho ya msimamizi kila wiki hazitaki kuazima.

Ukienda kununua, nenda asubuhi, na mtu mmoja asiye na haraka. Jina la juu lisikudanganye. Angalia namba ya prosesa, ule ubongo wa mashine: i5-8250U ni kizazi cha nane, i5-7200U ni cha saba. Ni tarakimu ya kwanza baada ya kistari. Ikianza na 10, 11 au 12, soma zote mbili. Kuna HP EliteBook 840 G5 zenye kizazi cha nane na nyingine za sura hiyohiyo zenye cha saba, na muuzaji atakuambia zote sawa. Si sawa. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida Oktoba 14, 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kizazi cha nane kwenda juu, isipokuwa chache sana. RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, iwe GB 8, diski iwe SSD, ile ya haraka, walau GB 256.

Kisha jaribu, mbele yake. Fungua Notepad ubonyeze kila kitufe, pamoja na ile alama ya juu ya kuandikia ng'ombe. Laptopu nyingine huja na kibodi ya Kifaransa na A iko mahali pa Q. Fungua na kufunga kioo mara kadhaa usikilize bawaba. Chomeka flashi kila tundu. Washia hotispoti ya simu yako uone inashika. Izime, uiwashe ukibonyeza F2 au F10 au F1 kulingana na kampuni, ili uingie kwenye mipangilio yake ya ndani (BIOS). Ikikuomba neno la siri usilolijua, iache hapohapo.

Betri ndiyo iliyoniliza mimi. Laptopu yangu ya kwanza ya dukani niliinunua ikiwa kwenye chaji, na ilikuwa kwenye chaji muda wote niliokuwa pale. Nyumbani ilikaa dakika kumi na mbili. Baada ya miezi mitatu betri ikavimba, ikainua kibodi. Kwa hiyo chomoa chaji, weka video icheze dakika ishirini. Halafu fungua dirisha jeusi la amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, bonyeza Enter, ufungue ripoti inayotajwa pale. Linganisha uwezo wa kiwandani na uwezo wa sasa inapojaa. Ikiwa imeshuka chini ya nusu, taja bei ya betri mpya na uitoe kwenye bei yake.

Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na waranti iandikwe, hata ya miezi mitatu. Mwambie aandike pia namba ya mashine iliyo chini yake. Laptopu zinaibwa hosteli wakati wa kuoga tu, na polisi watakuuliza namba hiyo. Kazi zako ziwe Google Drive, GB 15 ni bure.

Yule kijana wa Singida alilipa chumba Msewe, akabaki na simu na kibodi. Mwezi wa saba mwaka uliofuata, kabla ya fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, tulikwenda wote Kariakoo. Duka la kwanza tuliondoka, la pili tuliondoka. La tatu tulikaa saa mbili, muuzaji akachoka akatuletea viti.